Mtoto ameanza kutambaa na mnakaa chumba na sebule? Anza na ndoo, siyo soketi

Mkuu umesema mtoto ameanza kutambaa, mnakaa chumba na sebule, jiko liko korido, na unauliza ununue vile vifuniko vya soketi au uachane navyo. Nunua tu, bei yenyewe ya kawaida, ila siyo pa kuanzia. Na huyo mdau aliyekujibu "muwe mnamwangalia tu", dah, mi nimelea wanne kwenye nyumba za kupanga huku Mbagala, hakuna mtu anayemwangalia mtoto muda wote, kuna kufua, kuna kupika, kuna mgeni anabisha hodi. Cha maana vitu vikae namna ambayo hata ukigeuka dakika mbili asifikie cha kumdhuru.

Anza na maji. Dar maji yakiwa ya mgao kila mlango una ndoo na madiaba yamejaa, na mtoto wa umri huo anajifunza kusimama kwa kushika ukingo wa ndoo, kichwa chake kizito, akichungulia anatumbukia kichwa chini miguu juu na kujitoa hawezi, tena hutasikia kelele maana mdomo uko majini. Hata maji kidogo tu ya chini ya ndoo yanatosha. Kwa hiyo mfuniko wa kubana, siyo sinia, ndoo tupu unaigeuza, na maji ya kufulia ukimaliza mwaga, usiseme nitadekia baadae.

Moto nao. Maji ya kumuogesha tanguliza ya baridi kwenye beseni ndio umimine ya moto, ukianza na ya moto ukaenda kufuata ya baridi ndio anajitosa. Kile kitambaa cha kufuma mezani toa kabisa kwa sasa, atakivuta na chupa ya chai itamfuata. Halafu majivu, watu wanamwaga uani jioni yanaonekana meupe yamepoa kumbe chini kuna makaa mekundu, mtoto anapita pekupeku. Mwagia maji kwanza. Na jiko la mkaa usiingize ndani usiku wa mvua eti mpate joto, ile hewa yake haina harufu, mtalala moja kwa moja.

Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, vua bangili na shanga mapema kabla hajavimba, nguo iliyoganda usiivute, kisha hospitali. Dawa ya meno, yai, asali, unga, hapana. Bibi zetu nawaheshimu sana ila kwa hili hapana.

Sasa mafuta ya taa, hapa ndio nina hasira napo. Jirani yetu aliyaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, chini ya stuli, mtoto akapiga funda. Korido nzima ikajaa washauri, huyu mpe maziwa, huyu mtie kidole atapike, na kweli wakamtapisha. Tulivyofika hospitali daktari akafoka, maana mafuta ya taa yakirudi juu ndio yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndipo shida kubwa ilipo, yule mtoto alikaa wodini anahema kwa shida, ashukuriwe Mungu alitoka. Kwa hiyo usimtapishe, usimpe maziwa, beba na chupa yenyewe, panda boda uende. Ya kwako weka kwenye kidumu chenye kizibo cha kubana, juu ya kabati, dawa ya madoa na sumu ya panya hivyohivyo. Na ongea na wapangaji wenzako, maana mtoto anayetambaa hajui mlango wenu unaishia wapi, chupa ya jirani ni yake pia.

Soketi sasa funika.

Karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano, saga. Na vile vibetri vya duara kama kifungo, vya saa na rimoti ndogo, fungia kwa selotepu kile kifuniko cha nyuma. Akimeza kimoja kikakwama kooni kinaunguza ndani kwa ndani ndani ya masaa mawili tu, usisubiri atoe chooni, nenda muda huohuo ukaombe eksirei.