Jibu: Askari wa kujitolea wa Uingereza walipigana kweli 1914?
Mkuu, umeuliza kama wale askari wa kujitolea wa Uingereza, waliofanya mazoezi jioni baada ya kazi, walipigana kweli 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, au walibaki kulinda nyumbani tu.

Walipigana. Chukua London Scottish, kikosi cha Waskoti wa London kilichoanzishwa 1859. Sheria haikuwalazimisha kwenda nje ya nchi; walikubali wenyewe, wakavuka kwenda Ufaransa Septemba 1914. Mwisho wa Oktoba wakapakiwa kwenye mabasi ya abiria ya London hadi Ypres, mji wa Ubelgiji, na tarehe 31 wakaingia vitani Messines, kijiji cha jirani, batalioni ya kwanza ya askari wa miguu wa aina yao kupambana na Wajerumani.

Kinachoniuma ni zile bunduki. Walipewa za zamani zilizorekebishwa ili zitumie risasi mpya, lakini magazini, yaani visanduku vya risasi vya bunduki, zikawa zinakwama. Usiku kucha Wajerumani wanakuja, na kijana aliyekuwa karani ofisini anaingiza risasi moja moja kwa mkono, anapiga, anaingiza nyingine. Bado walikabili kwa singe! Kati ya watu 700 na ushee, karibu 400 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea.

Ronald Colman, baadaye nyota wa Hollywood, alijeruhiwa palepale.