Maswali yenu kuhusu Gjirokastër, mji wa mawe wa Albania

Tangu niitaje Gjirokastër, mji wa kale ulioning'inia mlimani kusini mwa Albania, maswali yamemiminika. Leo najibu machache.

Nina pasipoti ya Tanzania. Viza ya Schengen inatosha? (Dodoma)

Albania haimo Schengen, lakini humpokea mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi, iliyo hai na iliyokwisha kutumika angalau mara moja. Ya Marekani au Uingereza nayo hukubaliwa kwa masharti hayo hayo. Angalia tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Albania kabla ya kukata tiketi, maana sheria hizi hubadilika.

Tutakuwa ufukweni Sarandë. Tukienda asubuhi na kurudi jioni tutafaidi? (Nairobi)

Mtaona ngome, mtapiga picha, mtarudi mmechoka. Laleni huko hata usiku mmoja. Mchana mabasi ya watalii hulijaza soko la zamani. Yakishaondoka, mji huwarudia wenyewe. Njiani simameni Syri i Kaltër, chemchemi ya maji ya buluu yanayobubujika kutoka chini kabisa. Mkifika Gjirokastër, basi huwashusha barabarani, mji mpya, na mji wa kale uko juu. Mwenye masanduku achukue teksi.

Mimi mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Huko kuna mawe gani nisiyoyajua? (Muscat)

Swali zuri, na ndilo la kulijibu kwa kituo. Unguja nyumba zimebanana, na tajiri alijionyesha kwa mlango. Gjirokastër kila nyumba kubwa imejitenga na kujihami. Ghorofa ya chini ni ukuta mnene wa mawe, ghala na birika la maji ya mvua, na madirisha yake ni membamba. Maisha yako juu, kwenye vyumba vyenye meko kwa majira ya baridi na vingine vya wazi kwa kiangazi. Paa nalo ni mabamba ya mawe, mazito ajabu. Nyumba ikiachwa bila matengenezo, paa hilo hilo ndilo huiangusha.

Ingia nyumba ya Zekate, ya mwanzoni mwa karne ya 19, kisha ya Skenduli. Katika chumba cha wageni utaona kibaraza cha mbao juu, chenye kimia, ambako wanawake waliweza kuwatazama wageni wa kiume bila wao kuonekana. Hapo, mtoto wa Unguja, hutahitaji mtu wa kukueleza.

Ndani ya ngome kuna nini? (Mwanza)

Ngome ni kongwe, ila umbo lake la sasa linadaiwa sana na Ali Pasha wa Tepelena, mtawala wa eneo hili enzi ya Waosmani, aliyeipanua mwanzoni mwa miaka ya 1800. Ndani kuna mizinga, mnara wa saa, na ndege ya kijeshi ya Marekani iliyotua Albania mwaka 1957. Serikali ya Enver Hoxha, dikteta wa kikomunisti na mzaliwa wa mji huu huu, iliiita ndege ya kijasusi na kuiweka hapo kama nyara. Kila mtu hupiga picha na ndege. Mimi ningekaa zaidi kwenye vyumba vya gereza. Vilijazwa wafungwa tangu enzi ya Mfalme Zog, na wakomunisti wakaendelea navyo.

Chakula halali kinapatikana? (Mombasa)

Wakazi wengi wa Albania wana asili ya Kiislamu, lakini nguruwe na pombe viko mikahawani, kwa hiyo uliza. Mwaka 1967 dini zote zilipigwa marufuku na misikiti mingi ikabomolewa. Ule wa sokoni, wa 1757, ulinusurika, na wanasarakasi wakaufanya ukumbi wa mazoezi. Usikose qifqi, vitufe vya wali, mayai na mnanaa vinavyokaangwa.

Viatu gani? (Kigali)

Vya soli inayoshika. Mawe ya njiani yamelainishwa na miguu ya karne nyingi, na yakilowa huteleza.

Bei zikoje? (Bujumbura)

Beba lek, fedha ya Albania, taslimu. Fedha ilibadilishwa mwaka 1965 kwa kuondolewa sifuri moja, lakini wazee wengi bado huhesabu kwa ile ya zamani. Ukiambiwa kahawa ni elfu moja, uliza kwanza. Huenda ni mia.