Maswali yenu kuhusu mnato: oili ya gari, rangi na asali

Kitabu cha gari yangu kinasema oili ya 5W-30 ila fundi ananiambia Dar joto kali, weka 20W-50. Nimsikilize nani?

Fuata kitabu ndugu yangu. Fundi anakushauri kwa nia njema na kwenye injini za zamani ushauri huo ulikuwa sawa tu, lakini injini ina thamostati, inashikilia maji ya rejeta karibu nyuzi 90 uwe Dar au uwe Berlin, kwa hiyo oili ikishapata moto joto la nje haliiongezei kitu kikubwa. Ile namba ya mwisho inahusu mnato, yaani ubishi wa oili kutiririka, ikiwa na nyuzi 100, na kipimo chake kinaitwa sentistoki: ya 30 iwe kuanzia sentistoki 9.3 na isifike 12.5, ya 50 inaanzia 16.3 na haifiki 21.9. Hapo tofauti ni kubwa sana! Injini za siku hizi zina vijia vyembamba na nafasi ndogo kati ya chuma na chuma, zimepigiwa hesabu na oili nyepesi, ukimimina nzito basi asubuhi ukiwasha inachelewa kupanda juu kwenye kamshafti (ule mhimili unaofungua valvu), na petroli nayo utachoma zaidi. Namba yenye W ni ya kuwasha kwenye baridi, 5W inapimwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi ambayo huku kwetu hatuna.

Kama injini imechoka inakula oili, nzito inaweza kupunguza ulaji, ila ringi za pistoni zitabaki zimeisha vilevile. Vitabu vingine vina jedwali la oili zaidi ya moja kulingana na hali ya hewa, chagua humo humo.

Mafuta ya kula yanaelea juu ya maji, sasa mnasemaje ni mazito kuliko maji?

Hayo ni mambo mawili. Kuelea kunategemea uzito wa lita moja, na lita ya mafuta ya alizeti ina kama gramu 920 tu, maji karibu 1000. Mnato ni ule ubishi wa kutiririka, tabaka moja la kimiminika linavyosuguana na jingine, na hapo, vyote vikiwa na nyuzi 20, alizeti inayazidi maji zaidi ya mara 50. Zebaki ni kinyume chake kabisa: lita yake ina kilo 13 na nusu hivi, ila mnato wake ni kama mara moja na nusu tu ya maji.

Naweza kupima bila mashine?

Kulinganisha unaweza. Toboa tundu dogo chini ya kopo, ziba kwa kidole, jaza mpaka alama moja ile ile, achia na uhesabu sekunde kwa simu mpaka liishe. Ila vimiminika vyote viwe na joto sawa, tumia kipimajoto, hili nalisisitiza kwa sababu watu wanapima cha asubuhi na cha mchana halafu wanabishana bure. Namba ya mnato isiyotajiwa joto mimi siiamini.

Rangi kwenye kopo ilikuwa nzito sana nikaongeza thina, sasa inachuruzika ukutani. Kwa nini?

Rangi inalainika ikisukumwa na brashi, ikitulia inakaza tena, ndo imetengenezwa hivyo ili isichuruzike. Ulivyoiona imetulia ukadhani nzito. Siku nyingine ikoroge vizuri kwanza, jaribu kupaka, ndo uamue kuhusu thina, na usipite kiasi kilichoandikwa kwenye kopo.

Asali ikimwagika kama uzi usiokatika, si ndo asali safi?

Hapana jamani. Sukari iliyochemshwa ikakolea inavuta uzi vilevile, na asali halali kabisa ikiwekwa juani inakuwa nyepesi. Maji yaliyomo nayo yanabadilisha mnato sana, kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex kwa asali nyingi ni yasizidi asilimia 20, na hayo yanapimwa kwa refraktomita, kifaa kinachoangalia mwanga unavyopinda ndani ya asali, tone moja tu linatosha. Lakini hata hiyo haikuambii kama kuna sukari imechanganywa, hapo mpaka maabara.