i5-8400 kwenye ubao wa H110: usitoe hela kwanza

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, prosesa ya i5-8400 unayo tayari, na muuzaji wa hapa Dodoma anakupa ubao mama (motherboard) wa H110, yaani wenye chipseti ya H110, chipu ya ubao inayohusika na prosesa zipi zitakubalika, kwa hoja kwamba "soketi ni ile ile 1151" (soketi ni pale prosesa inapokaa). Usitoe hela. Prosesa itakaa vizuri kabisa, ila mashine haitawaka, maana H110 ni ya prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. Yako ni ya 8, inataka H310, B360, B365 au Z370. Soma jina hilo kwenye ubao wenyewe, siyo kwenye boksi. Maboksi huhamishwa.

RAM (kumbukumbu ya kazi) ni ya aina ya DDR4, ya kompyuta ya mezani. Ya mpakato ni fupi, haiingii.

Kadi ya picha iache kwanza. i5-8400 ina uwezo wa kuonyesha picha ndani yake, kazi za kawaida inapiga. Hela hiyo weka kwenye pawasaplai mpya (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta). Zile zinazochomolewa kwenye kompyuta za ofisi nyingi zina plagi zisizolingana na ubao wa kawaida, na umeme wetu huu unaocheza utaziua mapema. Keisi yoyote, mradi ina chujio la vumbi.