Kuunganisha vituo vyote kwa gharama ndogo: acha kujaribu kila mchanganyiko

Nimekuelewa: una vituo 40 ambavyo lazima viunganishwe kwa kebo, makutano 60 ya hiari, na programu yako inayojaribu kila mchanganyiko haimalizi. Isubiri hata mwaka, haitamaliza; makutano hayo pekee yana michanganyiko zaidi ya bilioni mara bilioni. Hili ni tatizo la mti wa Steiner, yaani kuunganisha vituo vya lazima kwa gharama ndogo kabisa huku ukiruhusiwa kupitia makutano ya hiari; limo katika orodha ya matatizo magumu aliyoitoa mwanasayansi wa kompyuta Richard Karp mwaka 1972.

Badala yake, tafuta njia ya bei ndogo kabisa kati ya kila vituo viwili. Chukua bei hizo kama viungo vya moja kwa moja, ujenge mti (mtandao usio na mizunguko) wa gharama ndogo kabisa unaogusa vituo vyote. Kisha badilisha kila kiungo cha mti huo kwa njia halisi ya kebo iliyotoa bei yake, ondoa mizunguko, pogoa matawi yasiyofika kituo chochote.

Matokeo hayazidi mara 2 ya gharama bora, yaani ndogo kabisa inayowezekana. Ninachokipenda zaidi ni hiki: nusu ya gharama ya mti kabla ya kupogoa ni sakafu, yaani gharama bora haishuki chini yake. Mti ukiwa 800, na baada ya kupogoa ukabaki 620, hakuna mtandao wa chini ya 400, hivyo umezidi bora kwa asilimia 55 tu au pungufu.

Angalia hatari moja: kwenye mti, kebo moja ikikatika, mtandao unagawanyika. Ukihitaji njia mbili zisizotumia kebo moja kati ya vituo, tumia mbinu ya mwanasayansi wa kompyuta Kamal Jain, nayo haizidi mara 2 ya gharama bora. Kabla ya kununua kebo, mhandisi wa mitandao akague uwezo wa kila kiungo, maana hesabu hii haiuangalii.