Mshtarii na Zohali nyumba moja: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Kundali mbili za mchumba wako, yaani ramani za anga la kuzaliwa kwake kwa unajimu wa Kihindi (Jyotisha), zimenifikia. Kazaliwa Dar es Salaam tarehe 28 Mei 2000, saa nne na nusu asubuhi. Programu moja imeziweka Mshtarii na Zohali pamoja katika Kondoo (wengine husema Punda), mojawapo ya buruji 12 za angani, nyumba ya 10, sehemu ya kundali inayohusu kazi. Nyingine imeziweka katika Ng'ombe, nyumba ya 11. Na kuna mtu kishamwambia kwamba Zohali yake imeanguka, yaani iko kwenye buruji inayoidhoofisha, basi kazi yake haitasimama. Unauliza ushike lipi.

Kwanza hakikisha uliandika 10:30, si 4:30. Programu hazijui saa za Kiswahili. Ukikosea hapo, lagna, yaani buruji inayochomoza mashariki mtu anapozaliwa, itatoka Kaa iwe Kondoo, na sayari hizo zitahamia nyumba ya 1 au ya 2. Kundali zako zote mbili zina lagna ya Kaa, kwa hiyo hapo hukukosea.

Zinapogombana ni kwenye ayanamsha. Wamagharibi huanza kuhesabu buruji pale Jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Wahindi huhesabu kwa nyota zenyewe. Pengo kati ya hesabu hizo mbili, ndilo ayanamsha, hukua digrii moja kila miaka 72 hivi, na Wahindi wenyewe hawajakubaliana lilianzia wapi. Kwa mwaka 2000, Lahiri, inayotumika katika kalenda ya serikali ya India, inatoa digrii 23 na dakika 51 (dakika 60 ni digrii moja). Ya mnajimu wa Kihindi B. V. Raman inatoa digrii 22 na dakika 24 hivi. Siku ile sayari hizo zilikutana kwenye digrii 22 na dakika 43 za Ng'ombe wa Kimagharibi. Ukitoa Lahiri unapata Kondoo digrii 28 na dakika 52. Ukitoa Raman zinakuwa zimeshavuka mpaka, ndani ya Ng'ombe kwa dakika 19 tu. Basi sayari ni zile zile, ila zimekaa mlangoni.

Usichague yenye habari njema. Pima kwa Mwezi. Wake uko Samaki, katika Uttara Bhadrapada, kituo cha Mwezi kinachotawaliwa na Zohali, kwa hiyo alizaliwa ndani ya dasha (kipindi cha maisha chini ya sayari moja) ya Zohali, ambayo nzima ni miaka 19. Tofauti ya ayanamsha hizo mbili inasogeza mwisho wa dasha hiyo kwa takriban miaka 2. Kwa Raman inaisha mapema zaidi. Dasha ikiisha maisha hugeuka, basi muulize yake yaligeuka lini, shule au makazi, kabla hujamwonyesha tarehe. Ukianza kumwonyesha, atakumbuka unachotaka akumbuke.

Tuseme Lahiri imeshinda. Ni kweli Zohali huanguka katika Kondoo, lakini shimo lenyewe liko digrii ya 20, naye ameshalipita karibu digrii 9. Watu hukimbilia kusema anguko limefutwa. Nimetazama: Mirihi mwenye kutawala Kondoo, Jua linalotukuka (kupata nguvu kuu) humo, na Zuhura mwenye Mizani anakotukukia Zohali, wote watatu wamo Ng'ombe. Hiyo ni nyumba ya 11 kutoka lagna na ya 3 kutoka kwa Mwezi, wala si mojawapo ya nguzo nne (1, 4, 7, 10). Kwa njia hizo, basi, halijafutwa. Angekuwa na lagna ya Ndoo, watatu hao wangekaa nyumba ya 4 na ningesema mengine.

Halafu pima umbali wa sayari hizo mbili kutoka kwenye Jua, kitu ambacho wengi huruka. Ni kama digrii 14. Zohali huungua, yaani hupoteza nguvu kwa kulikaribia Jua, ndani ya 15, Mshtarii ndani ya 11. Zohali basi ameungua, ingawa pembeni, na Mshtarii amesalimika. Tena wamekaribiana chini ya digrii moja, na hiyo huitwa vita vya sayari. Wengi humpa ushindi aliye kaskazini zaidi, naye ni Mshtarii. Kwa hiyo katika chumba hiki mwenye sauti ni Mshtarii. Aliyemtisha mchumba wako alimsoma Zohali peke yake.

Sasa umiliki. Kwa lagna ya Kaa, Mshtarii anashika nyumba ya 6 (madeni, ushindani, kazi ya kutumikia) na ya 9 (elimu ya juu, bahati). Zohali anashika ya 7 (ndoa, wabia) na ya 8 (vikwazo, mambo ya siri). Kukutana kwao katika ya 10 husomwa hivi: cheo kinachopitia masomo na ushindani, kinachochelewa, na ambacho mwenzi au mbia ana mkono ndani yake. Hapo mwanangu wewe umo. Kisha mtazame Mirihi, mwenye nyumba hiyo ya 10. Kakaa mahali pa faida, lakini naye ameungua, yuko kama digrii 10 tu kutoka kwenye Jua. Mapato yapo, sifa huenda kwa wakubwa.

Muungano huzaa katika vipindi vya wenyewe. Baada ya Zohali huja Utaridi, miaka 17, na sehemu zake mbili za mwisho ni ya Mshtarii (miaka 2 na miezi 3) na ya Zohali (miaka 2 na miezi 8). Zidisha 17 kwa 16 (miaka ya dasha ya Mshtarii), gawa kwa 120 (jumla ya dasha zote), uone hesabu inavyotoka. Hizo ndizo tarehe za kumwandikia, na zitegemee ayanamsha mliyoipima, si mliyoikuta kwenye programu.

Haya ni kwa kanuni za Jyotisha. Mwajiri wake hazijui. Asiache kutuma maombi ya kazi akimsubiri Mshtarii.

Nitumie mwaka atakaokutajia, nami nitaifanya hesabu ya Mwezi kwa mkono.

Mama yako