Ndimu si chungu, jamani

Msomaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anauliza: binti yake kaandika katika insha ya sayansi kwamba ulimi una "vipokezi vya uchungu", mwalimu akapiga mstari mwekundu. Nani yuko sahihi?

Mwalimu. Uchungu ni ladha, lakini pia ni maumivu, hata yale ya kujifungua. Mtu akisoma "vipokezi vya uchungu" atadhani ni neva za maumivu. Andika "vipokezi vya ladha chungu" uende zako. Mzizi -chungu ni wa Kibantu. Chungu cha kupikia tukiache jikoni.

Binti afadhali, ladha aliyoitaja kweli ni chungu. Anayenikera ni Mnairobi anayeonja ndimu, akakunja uso, akatangaza, "Hii ni chungu!" Nenda soko la Muthurwa. Muuzaji anakata embe, anakamulia ndimu, ananyunyiza pilipili, mteja analamba kidole: "Wee, chungu!" Maziwa mala: machungu. Uji uliolala: mchungu. Ndimu ni kali, bwana! Maziwa yamechacha. Uji ni mchachu. Embe bichi lina ukakasi. Chungu ni kwinini, ni mwarobaini, ni mboga ya managu isiyotiwa maziwa.

Ulimi wenyewe haukosei. Ukali wa ndimu ni asidi, na seli zinazouhisi si zile za ladha chungu. Hizi za pili zina vipokezi vya aina 25 hivi, kila aina na jeni yake, tupate kutema mimea yenye sumu kabla hatujaimeza. Asiyeonja chungu ana udhuru. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox, huko Marekani, alipeperusha maabarani unga wa kemikali iitwayo PTC. Mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu, Fox hakuonja kitu. Mwaka 2003 watafiti wakaifikia jeni inayohusika zaidi, TAS2R38. Kwa hiyo ukiniambia sukuma wiki haina uchungu wowote, sibishani. Huenda umezaliwa hivyo. Ila sijasikia jeni inayogeuza ndimu ikawa kwinini.

Najua nitajibiwa kwamba lugha inakua. Inakuaje, ikiwa neno moja limemeza matatu?

Vijana wa mtaani nimewachoka, nimewaachia. Lakini mtangazaji wa redio, analipwa kwa kusema Kiswahili, naye aniambie maji ya ndimu ni machungu? Huyo simwachii.